Kifaru na Heshima Yake

Zamani, Kifaru akitoka mbio, kila mnyama alimpisha njia, naye akaamini kabisa kwamba hiyo ni heshima.

“Heshima gani, mzee?” Nungunungu akamuuliza. “Tunakupisha kwa sababu ukishaondoka, husimami.”

Kifaru akanuna. “Basi njoo uone. Nitakimbia kwa nguvu zangu zote, na pale kwenye ukingo wa bwawa la tope nitasimama tuli.”

Akatimka. Ukingoni miguu yake ikasimama tuli, kama alivyoahidi. Mwili, ambao haukuahidi kitu, ukaendelea na safari.

Nungunungu akajikokota hadi pale, akachungulia. Juu ya tope palibaki pembe na mdomo tu.

“Umeona?” mdomo ukasema. “Hata tope limenipisha.”