Maganda Manene

Mkaza mwana alitamani kumnyang'anya mama mkwe kile kisu. Gunia la viazi lilibaki robo, mavuno yalikuwa bado mbali, na mama wa watu anamenya maganda mazito kama soli ya kiatu!

Lakini angeanzaje kusema? Mwezi uliopita yeye mwenyewe alikuta kikapu cha viazi vilivyoanza kuchipua mvunguni mwa kitanda. Akadhani vimesahauliwa, akavipika vyote. Alipokuja kung'amua kuwa ile ndiyo mbegu ya msimu, vilishaliwa zamani. Akatulia kama maji mtungini.

Mama mkwe alimaliza kumenya, akakusanya maganda, akatoka nayo kama kawaida yake. Leo mkaza mwana alimfuata.

Alimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti kwenye tuta. Alilaza ganda mojamoja udongoni, jicho la kiazi likitazama juu, kisha akalifukia taratibu kama anayemfunika mtoto shuka. Tuta la kwanza lilikuwa limeshachipua.

"Mama..." Mkaza mwana alichuchumaa kando yake. "Kumbe ulijua?"

"Si nilivila, mwanangu? Tena nikaomba kuongezewa." Mama mkwe alikung'uta udongo mikononi. "Ulivipika vizuri mno. Ningekugombeza vipi na mdomo umejaa?"

Kesho yake mkaza mwana ndiye aliyeshika kisu. Ganda la kwanza lilitoka jembamba, kwa mazoea. Akasita, kisha akakizamisha kisu zaidi.