Salamu za Bi Mwanakheri

"Nani kakutuma utoe salamu redioni kwa jina langu?" Bi Mwanakheri alifoka, mwiko mkononi. "Mimi, mjane mzima, niombe magitaa yale ya kupasua masikio?"

Shebe alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa chumba chake. Kila Jumamosi asubuhi alitangaza kipindi cha bendi za roki za mji ule, zile zinazofanyia mazoezi kwenye magereji na stoo za mbao, akizisifia mpaka koo linamkauka. Wiki ya tano hiyo hakuna aliyepiga simu wala kuleta kadi ya salamu. Basi akawa anaandika kadi mwenyewe, kwa majina ya jirani zake, maana hakuwa na watu wengine.

"Nisamehe, dada. Nilijua hakuna anayesikiliza."

"Hakuna? Wifi yangu kanicheka, sokoni kote wamenicheka! Halafu yule binti wa wimbo wa pili, mbona ulimkata katikati? Na mimi nimeshaacha kukuna nazi nimsikilize."

Shebe akaacha mlango, akamgeukia. "Jumamosi nitaupiga wote."

"Upige. Ila usiseme nimeomba mimi." Akaushusha mwiko. "Umekula?"

"Nitakula."

"Na nani?"

Shebe akauzungusha ufunguo mlangoni.

"Vua viatu, upite ndani," Bi Mwanakheri alisema, akasogeza pazia la mlango wake, akabaki amelishikilia.