Kopo la Chumba cha Ndani

"Leo hatununui wino," Kaimu alimwambia mwanamume aliyeketi kwenye benchi la korido, kabla hata ya kuitikia salamu yake. Kwa Kaimu, mtu yeyote aliyevaa tai na kukumbatia bahasha nje ya chumba cha mafunzo alikuwa muuza wino wa printa. Yule bwana akakunja miguu kumpisha.

Kaimu aliingia kifua mbele. Alikuwa akikaimu ukuu wa mitambo tangu mkuu wa zamani astaafu, na kwa hesabu zake cheo kamili kilikuwa kimebakiza sahihi tu. Ndani walikuwapo Mkurugenzi, mama asiyependa porojo, na fundi mwenzake, Taratibu.

Jina la Taratibu alimpachika Kaimu mwenyewe, ofisi nzima ikalidaka. Fundi gani huyo, hawezi kutoa amri mpaka aijaribu kwanza kwenye nakala ya mashine? Haraka haraka haina baraka, ndivyo alivyojitetea kila siku, na Kaimu aliamini methali hiyo ilitungwa na wavivu. Mashine kubwa ilitunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali nzima. Kaimu alikuwa ameomba mara nyingi dada huyu anyang'anywe ruhusa ya kuigusa. Jana Mkurugenzi alimwambia tu, "Kesho asubuhi kuna usaili, chumba cha mafunzo. Wewe na mwenzako mje." Hakuhitaji kuuliza usaili wa nani: wa Taratibu, bila shaka.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kuwashwa. Skrini nyeusi, na mwanzo wa mstari jina la mashine kubwa. Kaimu alivuta kiti, akakaa mbele ya kibodi bila kukaribishwa.

"Tuanze?" Taratibu alimuuliza Mkurugenzi.

"Hapa anayeuliza ni mimi," Kaimu akadakia.

Mkurugenzi aliinua nyusi, kisha akapunga mkono: endelea.

"Swali la watoto wa chekechea. Nina kopo, nimelipatia jina, nimetia kitu ndani." Ndivyo alivyozoea kuwaeleza mbumbumbu habari za vigeu, yale majina yanayobeba vitu ndani ya amri. "Lakini nimefanya hayo ndani ya mabano, na mabano ni chumba cha ndani. Nikitoka sebuleni, kopo lina nini?"

"Halina kitu. Cha chumbani kimebaki chumbani."

"Umekariri."

"Ningekosea ungesema sijasoma."

Mkurugenzi alikohoa kidogo. Kaimu alikihesabu kikohozi hicho kuwa cha upande wake.

"La pili. Kila amri ikimaliza kazi huacha namba mlangoni. Sifuri, salama. Namba nyingine yoyote, pana kasoro. Nikipata sifuri, nikalale?"

"Inategemea ni sifuri ya nani," Taratibu alijibu huku akipiga mwayo. "Namba ni ya amri ya mwisho tu. Ya kwanza ikiharibu na ya mwisho ikasema 'tayari', utapata sifuri yako."

"Mama Mkurugenzi, unamsikia? Mtu anaambiwa salama, yeye anauliza salama ya nani! Ndiyo maana kazi ya dakika moja kwake ni ya wiki nzima."

Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, na hilo lilimkera kuliko kama angekosea. Ilibaki njia moja ya kummaliza: kumwonyesha mkono wa bingwa.

"Nipeni kazi yoyote hapa," akasema.

"Ipo folda ya majaribio humo," Mkurugenzi akajibu. "Ifute. Fanya kama unavyofanya siku zote."

Kaimu akacheka kwa pua. Folda moja! Vidole vikaanza kukimbia. Ndani ya mabano akalitia koponi jina la folda, na kuhakikisha kwamba folda ipo. Nje ya mabano akaamuru kifutwe kila kilicho chini ya jina lililomo koponi. Malalamiko ya mashine aliyaelekeza jalalani, kwa kuwa hakupenda kelele. Mwisho akaiamuru iseme "tayari". Yote hayo kwa mstari mmoja, kama wanavyoandika wanaojua.

Mashine ilifikiri kidogo, kisha ikasema: tayari. Akaiuliza namba. Sifuri.

"Sifuri!" Akaigeuza skrini kumwelekea Mkurugenzi. "Mama, naomba dada huyu aondolewe kwenye mashine yangu leo leo."

"Sawa. Hebu kwanza tuonyeshe folda za wagonjwa."

Kaimu akaandika amri ya kuzitazama. Mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Akaiandika tena, herufi moja moja. Haiijui. Amri aliyoitumia tangu chuoni, haiijui!

Macho yakampanda mpaka kwenye mstari wake, yakatua juu ya mabano. Jina la folda lilikuwa chumbani. Sebuleni kopo lilikuwa tupu, na mashine, kwa kukosa jina, ilikuwa imefuta kila kilichomo ndani yake, amri zake zikiwemo.

"Dada," akamgeukia Taratibu. Hakuwahi kumwita hivyo uso kwa uso. "Dada yangu, wagonjwa wote..."

"Wapo salama. Hiyo ni nakala." Taratibu alimwondoa mbele ya kibodi, akabonyeza vitufe viwili vitatu, na mashine ikaanza kujirudisha kama ilivyokuwa asubuhi, folda ya majaribio ikiwa mahali pake.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kufungua mlango.

"Samahani kwa kukuchelewesha, fundi," alimwambia muuza wino. "Karibu ndani. Mwenzako amemaliza usaili wake."