Ujuzi wa Kuzalisha Ng'ombe

Siku hizi chuo cha ufundi hakifundishi. Kinahamisha ujuzi kutoka kichwa cha mzee kwenda cha kijana. Jirani yangu Mzee Mmbaga alimpa mjukuu wake ujuzi wake wa kuchomelea vyuma. Sasa mzee mwenyewe akiona cheche anakimbia kama kuku. Nilimcheka mpaka zamu yangu ikafika.

Mjukuu wangu Nakijwa alitaka utabibu wa mifugo, nikatoa ujuzi wangu wa kuzalisha ng'ombe. "Chukueni na haya magoti yanayouma," niliwaambia wa chuo. Magoti wakaniachia.

Jana Nakijwa alimtoa ndama aliyekwama, mzima kabisa. Mimi nilishika ndoo tu, kama mgeni. Akanawa mikono huku akicheka.

"Bibi wewe! Kumbukumbu yako imenijia sasa hivi. Kumbe babu alikutongozea humu humu zizini, ndama anazaliwa?"

Nikacheka naye, kisha nikamuuliza, "Babu yupi?"