Siku Isiyo na Foleni

Simu ililia kabla Sumie hajamaliza kutafuna.

"Inuka, Mama Nanako," alisema mumewe, tayari amesimama. "Treni ya pangoni. Tukichelewa, nafasi inapotea."

"Nina tonge mdomoni."

"Utalitafuna tukitembea."

Sumie alikifunga kipande cha tonge la wali kilichobaki, akakirudisha mkobani na kumfuata. Tangu milango ifunguliwe walikuwa hawajakaa kitako, isipokuwa kwenye viti vinavyokwenda kasi.

Tiketi za bustani ya michezo zilitoka kwa binti yao, zawadi ya baba kustaafu. Kazunori alikuwa amemaliza ujana na utu uzima wake katika shirika la reli, akipanga saa za treni, na mtu wa namna hiyo ukimkabidhi simu ya kuhifadhi nafasi umejitakia. Siku hizi mwenye akili hapangi foleni. Anachagua mchezo kwenye simu, anapewa saa yake, anapita mlango wa pembeni huku wengine wakimtazama kwa kijicho. Akishaingia, simu inamruhusu kuchukua nafasi nyingine. Kazunori alikuwa akiichukua kabla hata mkanda haujamkaa sawa kiunoni.

Sumie hakuja kucheza. Alikuja kusema neno moja. Begi lake lilikuwa limekwisha fungwa, limefichwa kabatini nyuma ya magodoro, na kesho asubuhi angekwenda Matsumoto kwa dada yake, akae huko moja kwa moja. Alichoka kuishi na mume anayeitazama saa ya ukutani kuliko anavyomtazama mkewe. Lakini kutoroka kama mwizi hakutaka. Alitaka kumwambia ana kwa ana, na bustani ilimfaa: wangesimama foleni muda mrefu, bega kwa bega, naye angesema. Masikini, alikuwa hajui kwamba foleni zimekuwa za wasio na simu.

Alijaribu kwenye vikombe vinavyozunguka. "Baba Nanako, kuna jambo nataka..." Mumewe aliushika usukani wa katikati na kuuzungusha kwa nguvu zake zote, mpaka maneno yakamrudi Sumie tumboni pamoja na wali.

Kwenye treni ya pangoni alimkuta amechukua kiti cha mbele kabisa, na yeye amewekewa cha nyuma.

"Zilibaki nafasi za kukaa mbalimbali tu," alisema Kazunori. Kisha akafumba macho. Mtu ambaye hata lifti ya dukani humtoa jasho alikimbizwa gizani, midomo imempauka, na alipotoka akiyumba alisema, "Sasa ya maporomoko. Upesi."

Mabinti wawili wa shule, wamevaa masikio ya sungura vichwani, walipitwa nao kwa mara ya tatu. "Babu na bibi wanatushinda mwendo," mmoja alicheka. "Penzi hilo."

Sumie hakucheka. Miguu ilimuuma. Hata siku ya mwisho, aliwaza, hata leo hawezi kuniacha nivute pumzi. Alijiona kama kifurushi kilichobandikwa saa ya kufika.

Mbele ya mashua za mtoni alisimama na kukataa kusogea. "Hizi hazina kuhifadhi. Tupange foleni kama watu wengine."

"Saa nzima na nusu? Tutakuwa tunafanya nini?"

"Tutaongea."

Kazunori alimeza mate. "Jua litakuumiza," alisema, ingawa mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Akainamia simu, akalipia nafasi mbili za haraka kwenye mchezo wa jirani, kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wanne. Huyo ndiye mwanamume anayezima taa ya choo mkewe akiwa bado ndani.

Alasiri wakaingia kwenye gurudumu kubwa. Kibanda kidogo, viti viwili vinavyotazamana, mlango ukafungwa kwa nje. Kazunori alikuwa akibonyeza simu, akikunja uso, akibonyeza tena.

Kibanda kilipofika juu kabisa, gurudumu likasimama. Kipaza sauti kikasema ni upepo tu, abiria watulie. Chini watu walikuwa wadogo kama mchele uliomwagika.

"Weka simu, Baba Nanako."

"Ngoja kidogo. Nafasi zote za leo zimekwisha, lakini pengine mtu atafuta yake."

"Tumekwama huku juu, unataka kwenda wapi?" Hapakuwa na mkanda wa kufunga, wala usukani wa kuzungusha. "Nisikilize. Kesho asubuhi mimi..."

"Panda treni ya saa mbili kutoka stesheni ya Shinjuku," alisema Kazunori bila kuinua macho. "Ukipanda hiyo hubadilishi njiani. Kaa upande wa kushoto, utaiona milima."

Sumie aliuvuta mkoba wake mapajani.

"Ukuta wa bafu letu ni mwembamba, Sumie. Nilikusikia ukiongea na dada yako."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Nanako azaliwe. Kidole chake kiliendelea kupapasa kioo cha simu.

"Nilidhani nikiijaza siku nzima," alisema, "hutapata pa kulisemea."