Wimbo Mmoja Zaidi

Barabara ile, ambayo wageni huja kuipiga picha, huunganisha visiwa vitano vya mto. Makaburi yako kisiwa cha tano, na jeneza likipitishwa hutuliwa kila kisiwa ili wenyeji wamwimbie marehemu.

Waombolezaji walipofika kisiwa cha nne, Sabina aliomba wimbo mmoja zaidi, kwa kuwa marehemu mumewe alizaliwa hapo. Wimbo ulipokwisha, mto, uliojaa kwa mvua za milimani, ulikuwa umeshafunika daraja la mwisho.

"Tusubiri, shemeji," alisema Elikana, mdogo wa marehemu.

"Tusubiri nini? Mvua ndiyo kwanza inaanza."

Sabina alivua khanga yake, akalifunika jeneza. Ng'ambo, mchimba kaburi aliwaona, akawapungia jembe. Kisha akashuka kaburini na ndoo, akaanza kuchota maji.