Filamu ya Udongo

Asubuhi moja mwaka 2003, Ketsia alipiga magoti kando ya mto Nyamukau, mjini Bunia, akiirekodi kwa kamera mikono ya mama mfinyanzi. Alikuwa anatengeneza filamu fupi juu ya wanawake wa mtaa wake, ambao vita havikuwaachisha kufinyanga.

Kivuli kikaangukia udongo. Kamanda wa wanamgambo alikuwa amesimama mbele yao, bunduki begani.

"Weye, acha ile chungu. Unifilme miye," alisema, akiinyoosha kola yake.

Ketsia hakuinua kamera. "Hapana, mukubwa. Hii filme iko ya udongo."

"Unajua miye niko nani?"

"Najua. Njo maana nakataa."

Kamanda akashusha bunduki, akaikoki. Jasho lilimwingia Ketsia jichoni, lakini taa nyekundu ya kamera iliendelea kuwaka.

Yule mama wala hakutazama juu. Alichovya vidole majini, akaulainisha mdomo wa chungu polepole, akizungusha, akirudia palipobaki mkwaruzo.

"Mutoto yangu," alimwambia Ketsia, "kuja karibu. Fasi hii ya chungu iko muzuri."

Ketsia akasogea, akampa kamanda mgongo.